Ufunguo usikae mfukoni mwa mtu mmoja

Mazungumzo tuliyotoa kwenye mkutano mkuu wa shirika letu la kusaidiana, mbele ya uchaguzi wa komite mpya. Tumeyaandika hapa vile tulivyoyasema, pamoja na maulizo ya mwisho, kwa ajili ya wamemba waliokuwa shambani ama ziwani siku ile.



Sisi tunaozungumza hapa ni timu ya tereni, watu watatu tunaopita huku kila mwezi na moto zetu, mnatujua. Komite ilituomba tuzungumze juu ya "uongozi bora". Tulipopata barua tulicheka kidogo, juu semina za uongozi bora mmeshazipata mingi, na yale makaratasi makubwa bado yamebandikwa ukutani mwa biro. Mgeni akiyasoma atafikiri shirika hili liko na viongozi kama wa mbinguni. Kwa hiyo leo hatukuleta karatasi kubwa. Tulileta kaye moja tu, na ni kaye yenu wenyewe.

Ni kaye ya misiba. Komite iliturudishia ruhusa ya kuisoma, na Sekretere alikaa na sisi muchana mbili, akitueleza mwandiko pale wino ulipoliwa na maji. Kaye imeandikwa vizuri. Jina la memba liko, jina la aliyefariki liko, feza iliyotolewa iko, na alama ya kidole ama saini iko. Lakini tulitafuta kitu kimoja hatukukiona: siku gani feza ilifika mkononi mwa mwenye msiba. Hakuna mahali pa kuandika jambo hilo. Ikabidi tupite nyumba kwa nyumba kuuliza.

Mwaka uliopita mlikuwa na misiba 11. Miwili tu ndiyo iliyopata msaada mbele ya mazishi. Mitano ilipata ndani ya wiki mbili. Mitatu ilipita mwezi mzima. Mmoja, mpaka leo, bado.

Tutazungumza juu ya huo mmoja. Mama mwenyewe ameketi kati yetu, ametupatia ruhusa ya kusema jambo lake bila kumutaja jina, ijapokuwa tunajua kwamba hapa kijijini kila mtu ameshamujua. Bwana yake alifariki usiku wa siku ya ine. Asubuhi mama alituma mtoto kwa Trezorie. Trezorie akasema: "Feza iko, lakini bila karatasi ya Prezida siwezi kufungua." Hapo alikuwa na haki, kanuni ya ndani inasema hivyo. Prezida alikuwa Bukavu. Wakamupigia simu, akasema: "Ningojeni, niko narudi." Mvua ikanyesha, barabara ya Uvira mpaka huku mnaijua vile inavyokuwa wakati wa mvua, camion zililala njiani. Jumamosi watu wakazika. Mbao za sanduku na chakula cha matanga, mama alikopa kwa mfanyabiashara mmoja, na riba. Prezida alipofika, kulikuwa mambo mengine yanamungoja. Wiki zikapita. Mama aliporudi kuuliza, mtu mmoja wa komite akafungua kanuni ya ndani na kumusomea kwamba ombi lililopita siku 30 bila kulipwa linakufa. Yaani shirika lilichelewa, kisha likamuazibu mama juu ya kuchelewa kwa shirika.

Sasa tuseme neno wazi, juu maneno yameshaanza kutembea sokoni. Hakuna mwizi. Tulihesabu sanduku mbele ya komite nzima na kulinganisha na kaye, ikatoka sawasawa mpaka franka ya mwisho. Feza ya msiba wa mama huyu ilikuwa ndani ya sanduku siku zote, mwendo wa dakika kumi toka nyumba yake. Prezida si mtu mubaya, Trezorie si mtu mubaya, na Sekretere tumeona kazi yake. Watu wema, feza iko, na mama akazika na deni.

Kulikuwa mwalimu mmoja Mwamerika, W. Edwards Deming, aliyefundisha wakubwa wa viwanda kule Japani mwaka wa 1950. Neno lake moja tulilisoma pale chuoni na hatukulielewa vizuri mpaka tulipofika tereni. Alisema kwamba makosa mengi ya kazi hayatoki kwa mfanyakazi, yanatoka kwa namna kazi yenyewe ilivyopangwa, na anayeweza kubadilisha mpango huo ni uongozi. Japani ni mbali na hapa kandokando ya Tanganyika. Lakini mukiweka mtu mwingine yeyote pa nafasi ya Prezida, malaika hata, na saini ikabaki moja, siku malaika huyo akisafiri mama mwingine atazika na deni.

Na kwa nini Prezida alikuwa Bukavu? Hapo ndipo tunapaswa kuinamisha kichwa sisi. Alikuwa kwenye formasio. Tuliyemuita ni sisi. Na kichwa cha ile formasio, msicheke, kilikuwa "Uongozi na ubora wa huduma".

Tulirudi kwa makaratasi yetu tukatazama. Kwa miaka mine, kila barua ya mwaliko tuliyotuma kwa shirika hili ilisema "mtu mmoja, anayesikia Kifaransa". Kila mara alikuja mtu huyohuyo. Tulifurahi naye: anafika kwa wakati, anaandika, anauliza maulizo mazuri. Kisha anarudi na begi jipya na kaye mpya, na maarifa yanabaki naye. Hatukuuliza hata mara moja: mtu wa pili ni nani? Tunawaambia "leeni viongozi wapya", kumbe barua zetu wenyewe zilikuwa zinamwagilia mti mmoja na kuacha mingine ikauke.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa ONG hatupendi kulisema mbele ya mkutano, tulisemeni leo. Ni perdieme. Mtu akienda formasio anapata feza ya kula na ya kulala, na akibana tumbo anarudi na kitu kidogo nyumbani. Hilo si zambi. Lakini kiti kinapoanza kuleta chakula, kukiacha kunakuwa kazi ngumu, na kumupeleka mwingine kunakuwa kama kumupatia mwingine sahani yako. Tumeona mashirika mawili yakivunjika juu ya jambo hili, na katika raporo tuliandika "mgogoro wa uongozi", kwa Kifaransa kizuri.

Juu ya Mzee Prezida wetu tunataka kusema kwa heshima. Vijana wengi hapa hawakuona mwanzo. Shirika hili lilizaliwa kambini, ng'ambo ya ziwa, kwa watu waliokuwa wanachangiana unga na sabuni mtu akifiwa. Mwaka wa 2005 HCR ilipoanza kurudisha watu kwa meli toka Kigoma mpaka Baraka, yeye alivuka na orodha ya wamemba imefungwa ndani ya shitingi, ameikalia ili isilowe. Watu walishuka hawana nyumba, mashamba yamekuwa pori, na mengine yamekamatwa na majirani. Orodha ile ndiyo iliyosaidia watu wajuane tena. (Mpaka leo mtu akisema "mwenyekiti" tunajua alikaa Tanzania, akisema "prezida" tunajua alibaki ama alirudi mapema. Katika shirika hili mnasema yote mawili kwa mtu mmoja.) Basi yeyote atakayesema kwamba kubadilisha uongozi ni kumutupa mzee, hakutusikia vizuri. Mtu aliyebeba orodha toka Kigoma hatupwi. Lakini orodha ile aliivusha ili ibaki nyuma yake.

Sheria pia iko. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, inayoongoza mashirika yasiyo ya faida katika inchi yetu, inaweka mkutano mkuu juu ya vyombo vyote vya shirika. Si prezida, si komite, si mfadhili. Ni ninyi mlioketi hapa kwenye mikeka. Na statuti zenu mlizojiandikia zinasema mamlaka ya komite ni miaka mitatu, inayoweza kurudiwa mara moja. Tuliuliza watu ishirini kama wanajua maneno hayo. Wawili walijua, na mmoja wao ndiye aliyeyapiga kwa mashini.

Tuache makaratasi. Tunataka kuzungumza juu ya mama zetu na masanduku yao, juu hapo ndipo tulipojifunza zaidi.

Karibu kila mama hapa yuko katika AVEC. Mnajua namna inavyofanya, lakini pengine hamujajiuliza kwa nini inafanya. Njia ile ilianzia inchi ya Niger mwaka wa 1991, na shirika la CARE, kati ya wanawake wa kijijini ambao wengi hawakusoma. Watu 15 mpaka 25, pengine 30, wanajichagua wenyewe. Kila mkutano mtu ananunua hisa, moja mpaka tano, hazipiti hapo. Mkopo haupiti mara tatu ya hisa zako. Mwisho wa mwaka wanagawana, wanaanza tena, na wanachagua komite tena. Sanduku liko na kufuli tatu. Funguo tatu ziko kwa wamama watatu ambao hawako katika komite. Anayetunza sanduku hana ufunguo. Feza inahesabiwa na wahesabuji wawili, kwa sauti, mbele ya wote. Na mbele ya kuachana, kila mtu anaweka kichwani hesabu ya mwisho: tumeacha kiasi hiki ndani. Mkutano unaofuata, mbele ya kufungua, wanaulizwa: tuliacha ngapi? Wanajibu pamoja.

Tazameni. Hakuna mtu mmoja mule ndani ambaye akisafiri kazi inasimama kwa muda mrefu, juu wote wanajua. Hakuna haja ya kumuamini mtu kupita kiasi, kwa hiyo watu wanaaminiana. Na kila mwaka kuna mtu mpya anayejifunza kuongoza mkutano akiwa mbele ya watu ishirini wanaomujua, si mbele ya mia mbili. Tunajua mama mmoja anayeuza ndakala, hajui kuandika jina lake, alikuwa muhesabuji miaka miwili kisha prezida wa AVEC yake. Siku tulipohesabu sanduku lenu kwa mashini ya simu tulipata hesabu moja, yeye aliyekuwa amesimama mlangoni akapata nyingine kwa kichwa. Tulirudilia kuhesabu. Sisi ndio tuliokosea.

Mama huyo ni memba wa shirika hili miaka kumi na zaidi. Hajasimama kusema hata mara moja katika mkutano mkuu. Tulimuuliza kwa nini. Akasema: "Pale wanaongea Kifaransa wakikasirika." Tulimuuliza kama angekubali kushika kazi katika komite. Akacheka, akasema: "Nani ataniambia?"

Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kulea viongozi, si kwenda kuwatafuta mbali. Wako. Wanaongoza vitu vidogo kila wiki, na hakuna aliyewaambia.

Mambo tunayoyapendekeza ni haya, na ninyi ndio mtakaoyakata ama kuyatupa.

La kwanza ni mpango wa msiba, juu hauwezi kungoja uchaguzi. Msaada wa msiba utolewe na saini mbili kati ya tatu: Prezida, Vis-prezida, Trezorie. Yeyote wawili. Kufuli ziwe tatu, kama AVEC, na funguo ziwe kwa wamemba wasio wa komite, kila mmoja na mtu wa nyumba yake anayejua mahali ufunguo unapokaa. Katika kaye muongeze mistari miwili: siku habari ilipofika, siku feza ilipotoka. Ni mistari miwili tu, lakini mtu akiiandika kila mara, kwa mkutano mkuu hakuna haja ya hotuba, mnasoma siku ngapi ngapi. Mkiamua kwamba siku mbili ndiyo kipimo chenu, basi kila msiba uliopita siku mbili komite isimame ieleze kwa nini. Si kwa kufokea mtu. Ieleze kitu gani kilizuia, na kitabadilishwa namna gani.

Kipimo kinasaidia, tumeliona kwa maji. Katika kazi ya dharura tunafuata vipimo vya Sphere: lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, robine moja isipite watu 250, na toka nyumbani mpaka robine isipite metre 500. Mbele ya kujua hivyo watu wanasema "maji ni kidogo", na mwenye kusikia anasema "mnalalamika". Wakijua, wanasema "robine yetu iko na watu 400", na hapo mazungumzo yanakuwa mengine.

La pili ni Vis-prezida. Tusamehe, Papa, hatukusemi wewe. Katika mashirika mengi tunayopita vis-prezida ni mtu wa kukaa kiti cha pili siku ya picha. Tunapendekeza kwamba kwa miezi mitatu ya kwanza ya komite mpya, yeye aongoze mkutano mmoja kati ya miwili, Prezida akiwa ameketi hapo hapo. Asimukatize. Nyuma ya mkutano, wakiwa wawili tu, Prezida amuambie alichofanya vizuri na alichokosa. Kumusahihisha mtu mbele ya bibi yake na bashemeji yake si kumulea. Tuliona shirika moja, hatutalitaja, walioamua kwa kura ya bahati nani aongoze mkutano wa siku. Kura ikamuangukia kijana wa miaka 22. Nusu saa haikupita, wazee wakaanza kusema pamoja, kijana akakaa chini, na hakurudi tena. Wazo lilikuwa nzuri, lakini hakuna mtu aliyekuwa amemuonyesha agenda, hakuna mzee aliyeombwa amulinde. Kumutupa mtoto ziwani ili ajifunze kuogelea, wengine wanajifunza kweli, lakini hatuhesabu wale wengine.

La tatu ni formasio. Kuanzia sasa barua zetu zitasema watu wawili, mmoja asiwe ameshakwenda hata mara moja, na mmoja awe mwanamke. Formasio ya huku tutaifanya kwa Kiswahili. Wafadhili wetu wa Kinshasa tutawatafsiria, ni kazi yetu, si yenu. Nani aende, mkutano uamue, si simu ya usiku. Na aliyekwenda, ndani ya wiki mbili, akae na wamemba awaonyeshe alichojifunza, saa moja, bila karatasi kubwa.

La ine ni kukabidhiana kazi, ile remise na reprise. Hapa tunaomba mtusikilize, juu watu wanaona ni mambo ya serikali. Shirika lingine tulilolifuata lilikuwa na robine ya kartie. Walikosana, wakabadilisha komite yote siku moja, kwa makofi. Wiki mbili nyuma, robine ikaanza kuvuja, kisha ikafungwa. Kilichoharibika kilikuwa kampira kadogo ka ndani, kitu cha bei ya soda. Komite mpya haikujua kanauzwa wapi, wala ni ya kipimo gani. Fundi aliyekuwa anaitengeneza, namba yake ilikuwa katika simu ya prezida wa zamani, na huyo alikuwa amekasirika. Wiki tano wamama wakarudi mtoni na bidoni zao. Walikuwa na prezida mpya, sekretere mpya, muhuri mpya.

Basi msibadilishe wote siku moja. Statuti hazikatazi kuacha wawili wa zamani ndani ya komite mwaka mmoja. Na yule anayetoka aandike, ama aseme na kijana aandike kwa Kiswahili, vitu vyote vinavyokaa kichwani mwake: shamba la shirika mipaka yake inapita wapi na nani walishuhudia, shefu wa lokalite tulikubaliana naye nini, nani anadaiwa, fundi ni nani, mfunguo wa ziada uko wapi. Mzee Prezida akiwa nje ya komite awe mshauri, aitwe, akae mbele. Lakini saini isiwe yake.

Tulitaka kuzungumza pia juu ya sanduku la maoni, lile la rangi ya bleu tulilowaletea, lakini tutalipitisha haraka. Tulilifungua mwezi uliopita. Kulikuwa buibui, na karatasi moja iliyoandikwa: "Tunaomba taa ya sola." Watu hapa hawaandiki malalamiko, wanayasema, na wanayasema kwa mtu wanayemuamini, jioni. Afazali mchague mama mmoja na baba mmoja, nje ya komite, ambao memba anaweza kuwafikia na kuwaambia, na komite iwe na lazima ya kuwajibu ndani ya mkutano unaofuata. Sanduku mnaweza kulitia kuku.

Hapo tulikuwa tumemaliza. Maulizo yalikuwa mengi, tunaandika matatu.

Baba mmoja aliuliza: "Saini mbili kati ya tatu, si ndio njia ya wawili kupatana wakule feza?" Tulijibu kwamba ndiyo, inawezekana, na ndiyo maana ya kufuli tatu. Wawili wa saini na watatu wa funguo ni watu watano kupatana, na kisha hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wote. Wizi hauzuiliwi wote. Unafanywa kuwa mgumu na kuonekana upesi. Baba hakuridhika sana, alisema tutaona.

Mzee Prezida alisimama. Watu walinyamaza. Aliuliza kama sisi, watoto wake, tulikuja kumuambia atoke. Tulijibu kwamba hatuna haki ya kumuambia atoke wala abaki, neno hilo ni la wamemba, na kwamba mbele ya kuja hapa tulipita nyumbani kwake jioni ile nyingine, tukamuonyesha kaye mbele ya mtu mwingine yeyote. Alikubali kwamba ni kweli. Kisha akasema jambo ambalo hakutuambia kule nyumbani: kwamba macho yake ya usiku hayaoni tena vizuri, na kwamba miaka miwili sasa mjukuu wake ndiye anayemusomea barua zetu za Kifaransa. Hatukujua. Tulikuwa tunamutumia barua, anajibu kwa wakati, na hatukujua. Mjukuu huyo ni msichana, yuko na miaka 19, na alikuwa nyuma kabisa karibu na mlango.

Ulizo la mwisho liliulizwa na mama wa ndakala, akiwa ameketi, bila kusimama: "Na deni la huyu mama?"

Mkutano ulizungumza karibu saa moja. Wengine walisema kanuni ni kanuni, siku 30 zimepita. Wengine wakasema kanuni iliandikwa ili memba asichelewe, si ili shirika lichelewe. Walipiga kura kwa mikono. Mistari ile ya siku 30 itaandikwa upya na komite mpya, na kwa msiba huu feza itoke. Prezida aliandika karatasi juu ya goti, Vis-prezida akatia saini chini yake, Trezorie akatumwa kuleta sanduku. Feza ilihesabiwa na watu wawili kwa sauti. Sekretere aliandika siku habari ilipofika na siku feza ilipotoka, katika mistari miwili aliyoipiga palepale kwa rula. Hatutaandika hapa ni siku ngapi, kaye iko wazi biro kila Jumamosi.

Kilichobaki ni riba ya mfanyabiashara. Msaada ulilipa mkopo wenyewe, haukutosha riba, na riba iliongezeka juu shirika lilichelewa. Je, shirika linapaswa kuilipa? Watu walitutazama sisi. Tulisema hatuna jibu, na kwamba formasio ile ya Bukavu ilikuwa yetu, kwa hiyo hatuwezi kujifanya wageni katika jambo hili. Limeandikwa kama neno la kwanza la agenda ya komite mpya, na tumeomba tuwepo.